Namba Iliyoganda

Saa tisa usiku nilisikia maji, na hayakuwa ya mvua. Mvua ya masika hupiga bati zima kwa pamoja. Haya yalikuwa yakimwagika mahali pamoja nyuma ya nyumba, kama mtu anayemimina ndoo isiyokwisha. Jioni ile tulikuwa tumerudi kutoka msibani Morogoro, baada ya siku nne, na kwa kuwa ilikuwa zamu yetu ya mgao wa maji niliwasha pampu, nikajinyoosha kitandani kungoja tangi lijae. Usingizi ukanichukua. Nilipotoka na tochi, tangi la lita 2,000 juu ya mnara wa zege lilikuwa linafurika, pampu bado inasukuma, na ukuta wa stoo umelowa hadi msingini. Nikazima pampu. Nikipita mlangoni pa stoo kurudi ndani, nikahisi kuna sauti inayokosekana. Friza ilikuwa kimya.

Swichi ya upande ule ilikuwa imejikata, pengine tangu siku ya kwanza ya safari yetu. Mama Kulwa alifunua mfuniko mwenyewe, hakutaka nifunue mimi. Kilo 38 za samaki: nguru, changu, na vibua vya wateja wake wa kila siku, vyote kavinunua soko la Feri kwa fedha aliyokopa kwenye kikoba. Kulipopambazuka tulichimba shimo chini ya mwembe. Mapacha, Kulwa na Doto, walibeba ndoo wakiwa wamejifunga kanga puani, na hakuna aliyesema neno.

Mimi ni mwalimu wa fizikia. Miaka nenda miaka rudi nimechora mawimbi ubaoni, nimewaambia watoto wa watu kwamba redio ni nuru isiyoonekana, kisha nyumbani kwangu friza ikafa siku nne bila mtu kujua. Asubuhi ile, mikono ikiwa bado na udongo, nilimwambia mke wangu kwamba nitaifanya friza iseme, na tangi nalo liseme.

"Liseme wapi, Baba Kulwa?" akauliza. "Stoo iko huko nyuma, na sisi tuko huku."

Hilo ndilo lilikuwa swali lenyewe. Ilinichukua miezi tisa kulijibu.

Nyumba yetu, huku Goba, imejengwa kama zilivyojengwa nyingi za jirani: matofali ya saruji ya inchi sita, nondo madirishani, mabati juu hadi barazani. Stoo imejitenga uani, na mnara wa tangi uko nyuma ya stoo. Kutoka sebuleni hadi kwenye tangi ni mita 28. Nilizipima kwa futikamba. Kupitisha waya kungetaka tuvunje ua mzima wa saruji, kwa hiyo ikabidi iwe redio. Kila mahali pa kupimwa pawe na kihisi, kibao kidogo cha programu na redio yake. Sebuleni, kando ya televisheni, kikae kisanduku kimoja cha kusikiliza wote, chenye skrini na king'ora kidogo.

Upande wa kupima haukunisumbua. Kwa friza nilichukua DS18B20, kipimajoto kilichofungwa ndani ya kijichuma kisichoingia maji, kinachopima kuanzia nyuzi 55 chini ya sifuri. Kwa tangi nilichukua kihisi cha mwangwi, kinachopiga mlio usiosikika na kungoja urudi kutoka juu ya maji. Sauti husafiri takribani mita 343 kwa sekunde hewani, basi muda wa kwenda na kurudi unakuambia maji yako wapi. Vibao vilikuwa vya Arduino, mradi ulioanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005. Wanafunzi wangu huvizoea ndani ya wiki. Kazi ilikuwa kuchagua redio.

Shemeji yangu, mdogo wake Mama Kulwa, ni fundi simu Kariakoo. Ndiye aliyeniletea jozi ya kwanza, za megahezi 433: redio ya kusema, ndogo kama stempu, na redio ya kusikia, ndefu kidogo. Jozi nzima haikufika bei ya kuku wa kienyeji. Ile ya kusema hujua jambo moja tu, kuwasha wimbi na kulizima, kama mtu anayemulika tochi kutoka mlima wa pili. Ile ya kusikia hujua kungoja. Kila moja ilitaka antena ya robo ya wimbi. Wimbi la megahezi 433.92 lina urefu wa sentimita 69, robo yake ni 17.3. Kulwa alikata waya kwa rula yake ya shule, akinisomea milimita moja moja, na mpaka leo akiona waya mahali popote huupima kwa macho.

Juu ya meza ya sebuleni zilielewana mara moja. Nikafunga kisanduku cha kwanza stoo, ukutani juu ya friza. Skrini ikaandika FRIZA -18.5, na nyumba nzima ikaja kuitazama. Mama Kulwa aliisoma kwa sauti. Nilijiona nimelipa sehemu ya deni.

Doto ndiye aliyegundua kasoro ya kwanza. Nilikuwa nimeweka taa ndogo ya kijani iwake kila ujumbe unapofika, na yeye, mtoto asiyekaa kitako, akaona kwamba jirani akifungua geti lake kwa rimoti ile taa haiwaki. Rimoti nyingi za mageti na za magari husema kwenye masafa hayo hayo. Halafu kuna tatizo kubwa kuliko la geti: redio ile ya kusikia, ikikosa anayesema, hujiongezea usikivu yenyewe mpaka inaanza kusikia mchakacho mtupu, kama redio ya mkulima iliyopotea stesheni. Neno la kweli linapokuja linaikuta imezama katika kelele. Nilihesabu jioni moja. Katika kila jumbe tatu, moja haikufika. Nikaona si neno, kwa kuwa nilituma kila dakika tano. Moja ikipotea, ya pili itafika.

Mwezi wa saba soketi ya stoo, ile iliyolowa usiku wa mafuriko, ikafa. Iliungua ndani kwa ndani, bila cheche wala harufu. Na mimi nilikuwa nimekipa kisanduku cha friza umeme kutoka soketi hiyo hiyo, kwa chaja ya simu, ili nisisumbuke na betri. Friza ikazimika; kisanduku kikazimika nayo. Sebuleni skrini ikabaki na neno la mwisho ililolisikia: FRIZA -18.5. Ikalishikilia siku tatu.

Safari hii zilikuwa kilo 21. Shimo tulilichimba kando ya lile la kwanza. Nilikuwa najiandaa kusikia maneno mazito, lakini Mama Kulwa alinawa mikono, akakaa kwenye kigoda, akasema polepole: "Samaki nitanunua wengine. Lakini niliangalia, Baba Kulwa. Kila nilipopita niliangalia, nikaamini, nikaenda zangu. Bila hicho kioo ningekwenda kumgusa samaki kwa mkono."

Sikulala. Nilikaa na daftari nikitafuta kosa liko wapi, na niliona yako matatu, lakini moja limeyazaa mengine. Kosa la soketi lilikuwa langu, nalo ni la dakika moja kulirekebisha. La skrini lilikuwa langu pia: sikuiandika iseme habari yake ina umri gani. Ila hata kama ningeiandikia, ingekuwa inalalamika kutwa, kwa sababu kwa redio zile kupotea kwa ujumbe lilikuwa jambo la kila saa. Kimya kilikuwa cha kawaida mno hata hakikuwa na maana. Nilichagua redio kwa bei na kwa umbali ulioandikwa kwenye tangazo. Nilichotakiwa kuuliza ni hiki: redio hii ikinyamaza, nitajua kwamba imenyamaza?

Tangu usiku ule nikiulizwa na mwalimu mwenzangu au mwanafunzi anunue redio gani kwa mradi wa nyumbani, naanzia hapo. Umbali huja baadaye. Nyumba ni ndogo. Hakuna mahali pasipofikika kabisa. Kinachotofautisha redio na redio ni kwamba moja hutupa neno hewani ikageuka, na nyingine husema, ikangoja kusikia "nimepata", isiposikia ikarudia. Ukiwa na hii ya pili, kimya kinakuwa habari.

Shemeji alitaka nitumie Wi-Fi. "Shem, unajisumbua nini? Chukua ESP8266, inaongea na ruta yako moja kwa moja." Hoja yake ilikuwa na uzito. Kile ni kidude cha Espressif ya Shanghai, kilichoingia mikononi mwa mafundi wa nyumbani mwaka 2014 na kubadilisha kazi hii kabisa, maana kinabeba redio na kompyuta ndogo pamoja, kwa bei ya chini. Lakini kinaposema hunywa umeme mwingi, milliampea 170 hivi, na hulazimika kusema kwa muda mrefu kabla ya kukubaliwa na ruta. Kwa betri ndogo hilo ni zito. Na kubwa zaidi, ruta yetu huzimika umeme ukikatika. Saa ambayo friza inahitaji kusema kuliko saa zote ndiyo saa ambayo wa kusikia hayupo. Kwa nyumba yenye umeme wa uhakika ningemkubalia shemeji bila kubishana.

Nikachukua nRF24L01+, redio ya Nordic Semiconductor ya Norway. Hii husema na kusikia pia. Ikituma ujumbe, ambao hauzidi baiti 32, hungoja jibu, na isipolipata hurudia yenyewe hadi mara 15 kabla ya kukata tamaa na kukuambia imeshindwa. Nilipenda sana hiyo "imeshindwa". Hunywa milliampea 11 na ushee ikisema kwa nguvu yake yote, kisha hulala usingizi mzito.

Ina adabu zake. Umeme wake usizidi volti 3.6, ya kwanza niliiunga kwenye volti tano kwa haraka, ikafa papo hapo bila moshi. Ya pili ilisema vizuri dakika moja ikakwama, ikasema tena, ikakwama, na siku mbili nzima nikalaumu programu. Shemeji alipoiona akatoa kapasita ya mikrofaradi 10 kwenye kopo lake, akaichomelea kati ya miguu miwili ya umeme ya redio, na ikatulia. Redio inapoanza kusema huvuta umeme kwa ghafla, na nyaya nyembamba haziwahi kuuleta. Kapasita ni mtungi mdogo wa akiba mlangoni. Alimaliza kazi ile wakati chai inapoa. Fundi mwenye mkono ni kitu cha kuheshimiwa.

Agosti nikafunga mtandao mzima: friza, tangi, na kituo cha tatu ambacho sikukipanga. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Korogwe kututembelea, na hakuja mikono mitupu. Alikuja na wazo. Alinunua vifaranga 50, akawatengenezea boksi la mbao uani, chini ya upenu wa stoo, lenye balbu ya kuwapa joto. Wiki ya kwanza vifaranga wanataka nyuzi 32 hadi 35. Basi nikawawekea kipimajoto nao, na mama akawa anapita sebuleni asubuhi, ananiitikia shikamoo, na kabla hajakaa anauliza, "Wanangu wanasomaje?"

Tangi lilinishinda kwa namna ambayo sikuwahi kuifundisha darasani. Kisanduku chake nilikifunga nyuma ya tangi, upande wa kivuli, ili jua lisikichome. Kilisema vizuri kuanzia maji yakiwa robo hadi yakiwa nusu. Yakipita robo tatu, kilianza kurudia rudia. Tangi likikaribia kujaa, kikanyamaza kabisa. Yakipungua kwa matumizi ya siku, kikarudi hewani kana kwamba hakuna kilichotokea. Kwa hiyo kiliniambia kila kitu isipokuwa lile moja nililokijengea.

Nilijua sababu, nilikuwa sijaiweka mahali pake tu. Redio ile husema kwenye gigahezi 2.4, jirani kabisa na masafa ambayo maikrowevu hupashia chakula, na maji ya chakula ndiyo yanayokunywa mawimbi yale. Nilikuwa nimeweka lita 2,000 za maji kati ya anayesema na anayesikia. Tangi likiwa nusu, wimbi lilipita juu ya maji. Likijaa, liliishia humo humo.

Na nilikuja kujua kwa gharama. Usiku wa zamu yetu ya maji niliwasha pampu nikiitegemea skrini. Nilikuwa macho, nasahihisha mitihani. Skrini ikaandika ROBO TATU, kisha ikaandika KIMYA, maana sasa nilikuwa nimeifundisha kusema hivyo. Nikadhani ni mkwamo wa dakika chache kama ilivyozoea. Dakika chache zilitosha. Maji yalishuka kwenye upenu wa stoo moja kwa moja juu ya boksi la vifaranga, balbu ikapasuka, na tulipofika na tochi Mama mkwe alikuwa ameshachuchumaa, anawatia mmoja mmoja kwenye upande mkavu wa kanga yake. Tisa walikufa kwa baridi. Hakunilaumu hata kwa neno. Aliwapanga wale tisa kwenye ungo, akawafunika, akaniambia, "Kalale, mwanangu, kesho una vipindi." Nafikiri ningependa zaidi anikaripie.

Asubuhi Mama Kulwa alisimama uani akalitazama tangi, akageuka akaitazama nyumba. "Kwa nini hicho kisanduku kisikae upande wetu wa tangi?" Nikakihamisha. Ilisaidia, ila si kwa kutosha. Bado kulikuwa na kuta mbili za saruji na bati la baraza, na wimbi fupi kama lile, la sentimita 12 na nusu, huchoka haraka ukutani. Kwenye friza nako nilikuwa nimejaribu kuweka kisanduku kizima ndani, nikakuta nimeifungia redio kwenye kasha la bati. Ndani huingia kijichuma cha kipimajoto tu. Waya wake mwembamba hupita chini ya mpira wa mfuniko, na redio hukaa nje.

Kisha likaja jambo la 85.

Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa kumi, sisi wawili kazini, mapacha shuleni, Mama mkwe peke yake nyumbani. Saa nne asubuhi king'ora kikalia. Mama akavaa miwani, akaenda kusoma. FRIZA 85.0. Alikuwa amesikia habari ya shimo la kwanza na la pili chini ya mwembe. Hakupiga simu, maana alijua simu haipoozi friza. Alitoka akaita majirani wanne, wakawasha majiko matatu ya mkaa uani, wakatoa samaki wote kutoka kwenye friza, na kuanza kukaanga.

Nilipokuwa narudi saa kumi nilisikia harufu kutoka kituo cha bajaji. Uani kulikuwa na masinia, mabeseni, watoto wa mtaa mzima, na Mama katikati, uso unang'aa kwa mafuta na moto. "Friza yako ilikuwa inawaka, mwanangu," akaniambia. "Nimeokoa wote." Na kweli aliwaokoa. Mama Kulwa alifika, akashika kiuno, akatazama kushoto na kulia, kisha akachukua simu na kuanza kuwapigia mama lishe anaowauzia. Kufika saa mbili usiku hakukuwa na samaki hata mmoja, na fedha iliyorudi ilizidi ile ambayo samaki wabichi wangeleta.

Friza ilikuwa nzima muda wote. 85 ndiyo namba ambayo kipimajoto kile huamka nayo, kabla hakijapima chochote. Umeme wa kisanduku ukiyumba kidogo, kinaamka upya, na ukikisoma mapema mno kinakupa 85. Nilimweleza Mama hayo yote kwa utaratibu, akiwa ameweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sasa kama hakijapima," akasema, "kwa nini kisiseme hakijapima?"

Niliandika mstari huo kwenye programu usiku ule ule. Skrini yetu leo ina neno SIJAPIMA, na neno hilo ni lake.

Redio ya mwisho ilitoka kwa mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa hufunga vipimo vya unyevu mashambani. Alicheka niliposimulia habari ya tangi, akasema, "Mwalimu, rudi 433, lakini usirudi kwa ile ya bei ya kuku." Alimaanisha RFM69, moduli ya HopeRF ya Shenzhen, yenye kiini cha Semtech. Yeye mwenyewe hutumia LoRa, mbinu ambayo Semtech waliipata walipoinunua Cycleo ya Grenoble, Ufaransa, mwaka 2012. Hiyo hutamka neno lake polepole mno ili lisikike mbali mno, na kwa shamba la kilomita kadhaa sijaona kinachoishinda. Kwa mita 28 za ua wangu nisingeihitaji.

RFM69 kwa kawaida haiwashi na kuzima wimbi. Huyasogeza masafa yake juu kidogo na chini kidogo, hivyo ya kusikia haizami kwenye kelele kirahisi. Kwa programu zake za kawaida husema, hungoja jibu, hurudia. Hufunga maneno yake kwa siri ya AES ya biti 128, ili rimoti ya jirani isiwe na la kusema. Na ina zawadi moja niliyoipenda kuliko zote: kila ujumbe ukifika, inakuambia umefika kwa nguvu kiasi gani. Tangi likiwa tupu, nilisoma -71. Likijaa kabisa, -88. Inaendelea kusikia vizuri hadi chini ya -100. Kwa mara ya kwanza sikulazimika kukisia kama kuta zinanishinda. Nilikuwa naziona zikishindana na mimi, kwa namba.

Za kwanza alizoleta shemeji nilizirudisha zote. Zilikuwa zimeandikwa 915. Moduli hizi hutengenezwa za 433, 868 na 915, zinafanana kama mapacha, na 915 ni ya Amerika. Kwa mgawanyo wa ITU, Afrika iko Kanda ya Kwanza pamoja na Ulaya, ambako 433.05 hadi 434.79 ndiko kumeachiwa vifaa vya namna hii. Kuanzia 890 hadi 915 ndiko simu za GSM 900 huitikia minara yake. Sikutaka friza yangu iwe inapiga kelele kwenye njia ya simu ya mtu anayeita gari la wagonjwa, na masafa ya nchi hii yana msimamizi wake, TCRA, kwa sababu nzuri. Shemeji hakubisha. Wiki iliyofuata alileta za 433.

Zile waya za Kulwa za sentimita 17.3 zilikuwa bado kwenye droo. Nilizitumia zile zile.

Desemba, shule zikiwa zimefungwa, tulifunga vituo vitatu kwa siku moja, wote tukiwa uani. Kila kisanduku kina betri zake tatu na hakigusi soketi yoyote. Hicho cha sebuleni kina betri ya akiba. Vibao ni vya volti 3.3 kama redio zenyewe, maana RFM69 nayo haivumilii tano. Skrini nilimpa Mama Kulwa aipange, kwa kuwa yeye ndiye aliyeiamini ikamwangusha. Akaandika kwenye karatasi: jina, namba, na mbele ya namba, umri wake. FRIZA, -18.5, DAKIKA 3. Akataka umri uandikwe kwa herufi kubwa kuliko joto. Kituo chochote kikikaa dakika 20 bila kusikika, king'ora kinalia hata kama kila kitu kilikuwa shwari.

Kwa kanuni hiyo kililia mara ya kwanza Januari, saa moja usiku: VIFARANGA, KIMYA. Vifaranga wenyewe walikuwa wameshakua kuku, wamelala juu ya kijiti chao. Betri zilikuwa kwenye rimoti ya televisheni; Doto alizitoa ili atazame mpira. Alizirudisha mbele yetu sote, na bibi yake akamshikia tochi.

Mtandao umekaa miezi kumi na nne sasa. Friza imezimika mara mbili katika muda huo, na mara zote mbili tulijua kabla barafu haijaanza kulainika. Tangi halijafurika tena. Mama mkwe amerudi Korogwe na kuku wake 38, na simu yake ya Jumapili huanza kwa kuuliza skrini inasemaje.

Kisanduku cha sebuleni huandika kila namba kwenye kadi ndogo, nami huifungua mwisho wa mwezi kuangalia betri. Mstari wa friza ni mnyoofu usiku kucha, isipokuwa mahali pamoja. Kila siku, kati ya saa kumi na saa kumi na robo alfajiri, kabla Mama Kulwa hajaondoka kwenda Feri, joto hupanda kutoka -18.5 hadi -17, kisha hushuka tena taratibu. Ni mfuniko unaofunuliwa, mkono ukaingia, ukamgusa samaki, ukafunikwa. Sijawahi kumwambia kwamba naiona.